Mtoto hataki mashine, anataka mchezo

Mwaka wa masomo ukiisha na mtoto akaleta buletini yenye asilimia nzuri, anajua kudai zawadi yake. Zamani alidai viatu au mpira. Siku hizi wengi wanadai mashine ya michezo ya video, ile inayounganishwa na televisheni na kuchezwa kwa manete. Mama anakwenda sokoni, anakuta mashine zilizokwisha kutumiwa Ulaya zimepangwa mezani, nyeusi, nyeupe na za kijivu, naye muuzaji anamhakikishia kwamba zote ni sawa. Anatoa dola alizoweka akiba miezi mingi. Jioni mtoto anafungua sanduku, anatafuta, kisha anauliza: “Mama, Mario yuko wapi?” Mario hayumo. Hata mama akiongeza pesa, Mario hataingia katika mashine ile, kwa sababu walioitengeneza si wenye Mario.

Swali la mtoto huyo si la kitoto. Ni lile lile lililowanyima usingizi wakubwa wa makampuni ya Japani na Marekani tangu miaka ya 1970: je, watu wananunua mashine, au wananunua mchezo uliomo? Tumeona vema tulieleze juma hili, maana linagusa mfuko wa familia, na wale kati yetu wanaofanya biashara watajiona ndani yake.

Fikirini mtu amejenga soko. Amemwaga sementi, amepiga mabati, amechimba choo. Meza nyingi anawapangisha wauzaji wengine, na kila siku wanamtolea kodi. Lakini meza moja, ile ya mbele kabisa, ameiweka yake mwenyewe, na anauza samaki ambao hawapatikani soko lingine lolote. Mashine ya michezo ni soko la namna hiyo. Kampuni inayoijenga inaruhusu kampuni nyingine zitengenezee michezo mashine yake, na inadai malipo kwa kila mchezo unaouzwa. Hiyo tuiite michezo ya wageni. Ile ambayo kampuni inaitengeneza yenyewe, kwa mashine yake tu, tuiite michezo ya mwenyeji. Mara nyingi mashine yenyewe huuzwa kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, na pesa inarudi kwa njia ya michezo. Kwa hiyo soko lisilo na watu ni kilio kwa aliyelijenga.

Wa kwanza kulijenga soko kubwa la namna hii walikuwa Atari wa Marekani, na mashine yao ya mwaka 1977 iliyokuja kuitwa Atari 2600. Miaka ya kwanza haikwenda mbio sana. Kilichoibeba ni mchezo mmoja wa Kijapani, Space Invaders, ambao watu walikuwa wanaucheza kwa sarafu katika mabaa na maduka. Mwaka 1980 Atari wakapata ruhusa ya kuutengeneza kwa ajili ya nyumbani, kwa mashine yao peke yao. Watu wakanunua mashine nzima kwa sababu ya mchezo huo mmoja. Tangu siku ile kila kampuni ilitafuta Space Invaders yake.

Sasa tazameni jinsi mwenye soko anavyoweza kujiharibia. Mafundi waliokuwa wakitunga michezo ndani ya Atari walilipwa mshahara wa kawaida tu, huku kazi ya mikono yao ikiingiza mamilioni ya dola. Majina yao hayakuandikwa popote. Mmoja wao, Warren Robinett, alilificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya mchezo wake Adventure, kama mtoto anayechora jina lake chini ya benchi. Wengine 4 hawakuridhika na kujificha: David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead waliondoka, na mwaka 1979 wakaanzisha Activision, kampuni ya kwanza ya wageni. Atari wakawashitaki. Mwishowe walipatana, na kuanzia hapo mlango ukawa wazi kwa kila mtu, mwenye ujuzi na asiye nao.

Meza zikajaa uchafu. Lakini tusiwalaumu wageni peke yao, maana meza ya mwenyeji nayo ilioza. Mwaka 1982 Atari wenyewe walitoa Pac-Man iliyowasikitisha walionunua, kisha wakatoa E.T., mchezo wa filamu iliyopendwa sana, ambao fundi Howard Scott Warshaw alipewa wiki 5 hivi kuumaliza ili uwahi Noeli. Mwezi wa 9 mwaka 1983 kaseti ambazo hazikuuzwa zilipelekwa kwa malori kuzikwa jangwani Alamogordo, katika jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 watu walikwenda kuzifukua wakazikuta. Biashara ya michezo ya nyumbani Marekani ilianguka kutoka dola zaidi ya bilioni 3 hadi karibu milioni 100 kwa muda wa miaka 2. Wenye maduka hawakutaka tena hata kusikia neno lenyewe.

Mwaka ule ule wa kilio, upande wa pili wa dunia, kampuni ya mji wa Kyoto iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za kuchezea ilitoa mashine yake. Ni Nintendo, na mashine ni Famicom, iliyotoka tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1983. Siku ile duka lilikuwa na michezo 3 tu ya kuchezwa juu yake: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Yote 3 ilikuwa ya Nintendo wenyewe. Hawakuwa na mgeni hata mmoja. Hapo ndipo inaonekana kazi ya kwanza ya mchezo wa mwenyeji: mwanzoni wageni hawaji, wanaogopa kupoteza pesa katika soko tupu. Mwenyeji ndiye anayepaswa kuwasha moto na kupika, ili harufu iwaite wengine.

Aliyepika jikoni kwa Nintendo ni Shigeru Miyamoto. Hakuajiriwa kama fundi wa mashine. Alikuwa msanii, mchoraji. Donkey Kong ya mwaka 1981 ilizaliwa katika shida: Nintendo walikuwa wamepeleka Marekani mashine nyingi za mchezo ambao haukuuzika, wakamwomba kijana huyu atunge kitu kingine cha kuwekwa ndani ya makabati yale yale. Katika mchezo huo alimweka mtu mdogo mwenye sharubu, ambaye baadaye aliitwa Mario. Mchezo wake mwingine, The Legend of Zelda wa mwaka 1986, aliutoa katika kumbukumbu za utoto wake kijijini, alipokuwa akitembea msituni na kuingia mapangoni bila kujua atakuta nini. Sisi walimu tunalisimulia hili kwa furaha: mtoto aliyeachwa atembee porini ndiye aliyewatungia wengine pori la kuchezea ndani ya nyumba.

Super Mario Bros. ilitoka mwezi wa 9 mwaka 1985, na mwezi uliofuata Nintendo wakaanza kujaribu mashine yao huko New York, kwa jina la NES. Zaidi ya milioni 40 za mchezo huo ziliuzwa, na mashine zenyewe, Japani na kwingine, zilifika karibu milioni 62. Ni kweli kwamba mara nyingi Mario aliwekwa bure ndani ya sanduku. Lakini hiyo ndiyo hoja yenyewe. Hawakumpa mnunuzi sahani tupu.

Wageni nao walikuja, tena wengi, lakini Nintendo walikuwa wamejifunza kwa maiti ya Atari. Ndani ya NES waliweka kifaa kidogo kama kufuli, kaseti isiyo na ruhusa yao isichezeke. Kila kampuni ngeni ililazimika kuomba ruhusa, kulipa, kutengenezewa kaseti na Nintendo wenyewe, na kutotoa michezo zaidi ya 5 kwa mwaka. Masharti magumu, na kwa maoni yetu yalizidi kiasi. Mwenye soko anayewabana wapangaji hivyo anawafundisha kumchukia, na siku moja watapata soko lingine. Siku hiyo ilikuja, tutaifikia.

Kabla ya hiyo, neno juu ya Sega. Kampuni hii ilitoa mashine yake ya kwanza ya nyumbani siku ile ile ya Famicom, tarehe ile ile, na karibu hakuna anayeikumbuka. Mashine yao iliyofuata baadaye, Mega Drive ya mwaka 1988, iliitwa Genesis huko Marekani. Ilikuwa na nguvu kuliko NES, lakini nguvu peke yake haikutosha. Mwaka 1990 waliletewa kiongozi mpya Marekani, Tom Kalinske, ambaye aliwahi kuongoza Mattel, wenye kumtengeneza mwanasesere Barbie. Mtu aliyezoea kuuzia watoto. Alishauri mambo ambayo wakubwa wa Japani waliyaona kama wazimu: punguzeni bei ya mashine, na mchezo bora mlio nao uwekeni ndani ya sanduku bila malipo. Mchezo huo ulikuwa Sonic wa mwaka 1991, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio, aliyezaliwa ndani ya Sega kwa kazi ya Yuji Naka, Naoto Ohshima na Hirokazu Yasuhara. Kwa muda Sega iliipita Nintendo huko Marekani, jambo ambalo miaka michache nyuma lingechekesha watu. Wageni wa michezo ya mpira, hasa kampuni ya Electronic Arts, walisaidia sana. Lakini aliyefungua mlango ni Sonic.

Na Sega hao hao ndio wanaotufundisha kinyume chake. Mashine yao iliyofuata, Saturn, iliuzwa Marekani kuanzia mwezi wa 5 mwaka 1995 kwa dola 399, na Sonic mpya hakuwamo. Kulikuwa na mradi wa kumtengeneza, ulioitwa Sonic X-treme. Ulichelewa, ukachelewa tena, ukafutwa. Mamilioni ya watoto waliomjua Sonic walingoja mwaka wa kwanza na wa pili, kisha wakaenda kwa jirani. Mashine yote iliuzwa milioni 9 na kidogo tu. Kuna makosa mengine mengi yaliyofanywa katika Saturn, bei mojawapo, lakini kumwacha nje mtoto wa nyumba siku ya sikukuu hatuwezi kulihesabu kuwa dogo.

Jirani huyo alikuwa Sony. PlayStation ilitoka Japani mwezi wa 12 mwaka 1994, na Marekani mwaka 1995 kwa dola 299. Hapa hoja yetu inapata mtihani, maana Sony hawakuwa na Mario wala Sonic. Walikuwa wanajulikana kwa redio na televisheni. Walishinda kwa njia gani? Walifungua mlango kwa wageni. Nintendo walishikilia kaseti, kile kipande cha plastiki chenye vifaa vya umeme ndani, ambacho ni ghali kutengeneza na kinachukua muda. Sony walitumia diski, ambayo kuichapa ni bei ndogo na ni haraka. Wageni waliochoka na masharti ya Nintendo walihama. Square, waliokuwa wamepangisha kwa Nintendo tangu zamani, walihamia na Final Fantasy VII mwaka 1997, na kwa Nintendo lilikuwa pigo kubwa. Namco walileta michezo ya mbio za magari na ya ngumi.

Kisha Sony wakaanza kuweka meza yao. Gran Turismo ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Kazunori Yamauchi, mpenzi wa magari kupita kiasi, iliuzwa zaidi ya milioni 10. Ilikuwa ya mwenyeji, na ilikuja mashine ikiwa imekwisha kusimama kwa miguu yake. PlayStation zaidi ya milioni 100 ziliuzwa.

Wakati huo huo Nintendo 64 ilipofika Marekani mwezi wa 9 mwaka 1996 ilikuwa na michezo 2 tu, Super Mario 64 na Pilotwings 64, yote ya Nintendo. Super Mario 64 iliwafundisha wengine wote namna ya kumtembeza mtu ndani ya nafasi inayoonekana kama ya kweli, na iliuzwa karibu milioni 12. Mashine iliuzwa karibu milioni 33. Yaani theluthi ya Sony. Michezo ya mwenyeji ilikuwa ya juu kabisa, lakini meza za wageni zilikuwa tupu, na mtoto akimaliza Mario mwezi wa 10 alikuwa anangoja mpaka Nintendo wamalize kupika kingine.

Basi michezo ya mwenyeji ilikuwa na uzito gani? Sisi tunasema hivi: iliwasha soko, na iliwapa watu sababu ambayo hawakuweza kuipata kwingine, lakini kulijaza soko ilikuwa kazi ya wageni. Tena ilikuwa na kazi moja ambayo wengi wanaisahau: wakati wa njaa, mwenye shamba lake halali njaa. Nintendo walishindwa na Sony kwa idadi mara 2 mfululizo, na hawakufa, kwa sababu kila Mario aliyeuzwa, pesa ilibaki nyumbani. Mwaka 1996, mashine yao ndogo ya mkononi, Game Boy ya mwaka 1989, ilionekana kuwa imezeeka. Ikaja Pokémon, iliyotungwa na Satoshi Tajiri na wenzake wa Game Freak na kuuzwa na Nintendo, na kizee kikainuka kitandani. Pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy ilifika karibu milioni 119.

Ila mchezo wa mwenyeji haufufui kila maiti. Mwaka 1995 Nintendo walitoa Virtual Boy, mashine ya kutazamia ndani kama darubini, yenye picha nyekundu tupu juu ya weusi. Waliweka Mario humo pia. Watu walilalamika kuumwa kichwa na macho, na haikufika hata milioni 1. Na Sega, katika Dreamcast iliyoanza mwaka 1998, walipika kuliko walivyowahi kupika: Sonic Adventure, Shenmue, Crazy Taxi. Wanaojua michezo wanaisifu mashine hiyo mpaka leo. Lakini pesa ilikuwa imekwisha kuvuja tangu Saturn, Electronic Arts walikataa kupanga, na kila mtu alikuwa anangoja PlayStation 2, iliyoweza pia kuonyesha filamu za DVD. Mwanzoni mwa 2001 Sega walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza mashine. Leo Sonic anachezwa juu ya mashine za Nintendo, mpangaji kwa adui wake wa zamani.

PlayStation 2 tusiipite hivi hivi, maana sisi watu wa Kivu tuna neno nayo. Mwaka 2000 ilipotoka, bei ya tantalumu, madini yanayotoka katika koltani na kutumika ndani ya vifaa vidogo vya umeme, ilipanda kama moshi duniani kote. Wenye simu, wenye ordinateri na wenye mashine za michezo wote waliihitaji. Wengi kwetu wanakumbuka mashamba yaliyoachwa na vijana waliokwenda kuchimba. Mashine hizi tulikuwa ndani yake kabla hazijafika mezani kwetu.

Na mfano wa mwisho tunaupenda kwa sababu unahusu wamama na wabibi. Mwaka 2006 Nintendo walitoa Wii, mashine dhaifu kuliko za wenzake, yenye manete ya kutikisa hewani. Katika nchi nyingi waliweka sandukuni Wii Sports, mchezo wao wenyewe wa tenisi, bouling na ngumi. Hakuna hadithi, hakuna shujaa. Unainua mkono, mpira unakwenda. Wazee waliokuwa hawajawahi kushika manete walicheza na wajukuu. Wii zaidi ya milioni 100 ziliuzwa, na sehemu kubwa ya waliozinunua hawakujua lolote juu ya nguvu ya mashine.

Turudi sokoni kwetu. Watoto wa mitaa yetu, wengi wao, wanataka mpira wa miguu. Mpira ni mchezo wa wageni: FIFA ya Electronic Arts, iliyoanza mwaka 1993 juu ya mashine ya Sega, na ile ya Konami, zimetoka kwa mashine nyingi tofauti. Kwa mtoto wa namna hiyo mama ana uhuru wa kuchagua ya bei nafuu, hata ya zamani. Lakini akisema Mario, Zelda au Pokémon, ni Nintendo tu. Akisema Gran Turismo, ni PlayStation. Kwa hiyo kabla ya kwenda, mpeni karatasi aandike jina la mchezo anaoutaka, si jina la mashine. Muonyesheni muuzaji karatasi ile, na mwambieni auwashe mchezo wenyewe mbele yenu, mpaka uchezeke.

Kama ni mashine ya kaseti, tazameni umbo. Kaseti ya Famicom ya Japani ina meno 60, ya NES ina 72, haziingiliani ingawa mchezo ni mmoja. Katika baadhi ya kaseti za zamani kuna betri ndogo inayotunza mahali mtoto alipofikia. Ikifa, kila akizima anaanza upya, na kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu. Diski itazameni kwenye mwanga, upande usio na picha, muone mikwaruzo. Na geuzeni mashine msome maandishi ya chini au ya kwenye adapta. Iliyotengenezewa Japani inataka umeme wa volti 100, ya Marekani volti 120, na wetu ni 220. Bila transfoma, Mario anaungua jioni ile ile.